Kabla Hujapiga Dawa: Kumtambua Mdudu wa Bustani ya Mboga Kiangazi

Kuanzia Januari hadi mvua za masika zinapokaribia mwezi Machi, bustani za mboga huku Arusha na Moshi huelemewa na wadudu. Joto likipanda, mdudu mafuta (kidukari) jike huzaa watoto hai bila kuhitaji dume, na mtoto huyo akifikisha wiki moja hivi naye anaanza kuzaa wake. Loshuu, mboga yetu ya majani, uliyoiacha safi Jumapili hii, Jumapili ijayo unaikuta majani yamejikunja na yananata kwa majimaji matamu. Mtu anakimbilia duka la pembejeo, anauziwa chupa, anabeba bomba, anapiga. Mboga zinapumua siku chache, kisha wadudu wanarudi wengi kuliko mwanzo.

Wanarudi kwa sababu dawa ile haikuchagua. Iliwaua wadudu mafuta pamoja na wale waliokuwa wakiwala. Mla majani anajirudi upesi: chakula chake bado kipo, anazaa. Mla wadudu hawezi kurudi mpaka kwanza wadudu wa kuliwa wawepo, na uzazi wake ni wa polepole. Katikati hapo bustani haina mlinzi. Ndiyo maana nasema kwa uzito wote: usishike bomba kabla hujamjua mdudu uliyemwona. Kumjua kunawezekana kwa macho yako, karatasi nyeupe na subira ya siku mbili tatu.

Hatua ya 1: Kagua asubuhi, na pindua majani

Ingia bustanini kati ya saa 12:30 na saa 2:00 asubuhi, kabla jua halijakolea. Wakati huo wadudu wengi bado wamepoa na hawaruki ovyo. Pindua majani, maana chini ya jani ndiko mayai yanakotagwa, ndiko inzi weupe wanakokaa, ndiko utitiri mwekundu unakofuma utando wake. Chagua mimea mitano au sita katika pande tofauti za bustani. Usiukague ule uliodhoofika peke yake, kwa sababu utakudanganya kuhusu hali ya bustani nzima.

Kwa nyanya, maharage na hoho, weka karatasi nyeupe au sinia chini ya tawi, ulitikise mara mbili tatu. Vitakavyoanguka utaviona vizuri. Simu yenye kamera nzuri inatosha kuwa lensi: piga picha kwa karibu, kisha ikuze.

Mara moja moja toka usiku na tochi. Ukikuta miche ya kabichi au nyanya imekatwa shinani, mharibifu ni sota, kiwavi anayekata miche usiku. Fukua udongo sentimita mbili tatu kuzunguka shina na utamkuta amejikunja, mnene, rangi ya udongo. Usiku huohuo unaweza kuona mbawakawa weusi wanaokimbia chini kwa kasi. Hao wanawinda sota na konokono wadogo, kwa hiyo waache wapite.

Hatua ya 2: Soma jeraha kwanza

Mmea wenyewe unaeleza aliyeuuma. Matundu kwenye majani ya sukuma wiki au kabichi ni kazi ya viwavi, konokono au panzi. Majani yaliyojikunja na kunata ni ya wafyonzaji: wadudu mafuta au inzi weupe. Vidoa vidogo vya njano iliyofifia vikienea jani zima, na utando mwembamba chini yake, ni utitiri mwekundu. Majani ya vitunguu yenye mikwaruzo ya rangi ya fedha ni kazi ya thripsi, wadudu wadogo wembamba, na ukiyapanua pale yanapokutana shingoni utawakuta wamejibana humo.

Michoro ndani ya majani ya nyanya inahitaji jicho la makini, kwa sababu wanaoichora ni wawili na uzito wao haulingani. Wa kwanza ni funza wa nzi mdogo. Mchoro wake ni mstari mwembamba unaopindapinda na kupanuka taratibu, na ndani yake kuna funza wa njano asiye na kichwa kinachoonekana. Huyu mara nyingi hukaa kwenye majani ya chini yaliyokomaa, na wapo nyigu wadogo mno wanaotaga mayai juu ya funza wake humohumo ndani ya jani. Ukiona michoro michache ya aina hii, chuma majani hayo au yaache. Hakuna sababu ya kupiga dawa.

Wa pili ni kantangaze, kiwavi wa nondo wa nyanya (Tuta absoluta). Asili yake ni Amerika Kusini, aliingia Tanzania mwaka 2014, na aligunduliwa kwanza huku kwetu mkoani Arusha. Yeye hachori mstari. Anakwangua baka pana la uwazi ndani ya jani, lenye kinyesi cheusi, na ndani yake utamkuta kiwavi wa rangi ya maziwa au kijani hafifu mwenye kichwa cha kahawia na mstari mweusi nyuma ya kichwa. Huingia pia kwenye vikonyo na matunda. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 200, na kwenye joto la nyuzi 27 kizazi kimoja hukamilika ndani ya siku 24 hivi. Huyu usimvumilie hata siku moja. Chuma majani yote yenye mabaka, yafunge ndani ya mfuko mweusi wa plastiki usio na tundu, uanike juani siku kadhaa mpaka vyote vilivyomo vife. Usiyatupe kwenye mboji wala kando ya bustani, kwa sababu kiwavi atakamilisha ukuaji wake humo na nondo atatoka. Kagua pia mnavu, biringanya na viazi mviringo vilivyo jirani, maana vyote ni ndugu wa nyanya na kantangaze anawajua.

Hatua ya 3: Wajue watoto wa walinzi

Hapa ndipo hasara kubwa inapofanyika. Watu wengi wanamtambua mbawakawa mdogo wa mviringo, mwekundu au wa rangi ya chungwa mwenye madoa meusi, na wanajua ni mdudu mwema. Mtoto wake hawamjui. Mtoto huyo ni mrefu, wa kijivu au mweusi, ana madoa ya njano au ya chungwa, miguu sita inayoonekana wazi karibu na kichwa, na mwili wenye vinundu na vimiba. Anatembea haraka juu ya kundi la wadudu mafuta. Anatisha kumtazama, na mtu anayemwona mara ya kwanza anamponda kidole kimoja huku akijisifu. Kumbe ameponda mlaji mkuu: kabla hajawa mkubwa, mtoto mmoja hula wadudu mafuta mia kadhaa. Akikaribia kubadilika hujibandika kwenye jani na kukaa kimya siku kadhaa, amejikunyata, rangi ya chungwa na meusi. Mwache hapo alipo.

Wa pili ni mtoto wa nzi wa maua. Mzazi wake utamwona mchana, ana mistari ya njano na nyeusi, wengi humdhania nyuki. Mtofautishe hivi: ana mabawa mawili badala ya manne, vipapasio vyake ni vifupi mno, na anaweza kusimama hewani mahali pamoja kabla ya kuruka ghafla upande. Haumi. Mtoto wake ni funza asiye na miguu, wa kijani au kahawia, mwembamba upande wa kichwa, anayejivuta taratibu katikati ya wadudu mafuta na kuwanyonya mmoja baada ya mwingine. Kwenye kabichi na loshuu watu humdhania kiwavi. Ujanja ni huu: kiwavi ana kichwa kigumu na miguu, na anakula jani. Funza huyu hana miguu kabisa, na jani alilolalia halina tundu alilolitoboa yeye.

Wa tatu ni mdudu wa kijani mwenye mabawa manne ya wavu na macho yanayong'aa rangi ya dhahabu. Mayai yake hutayasahau: kila moja limesimama juu ya uzi mwembamba kwenye jani, kana kwamba linaning'inia kichwa chini. Mtoto wake ni mwembamba, kahawia, na ana taya mbili ndefu zilizopinda mbele ya kichwa. Baadhi yao hubeba mgongoni mabaki ya wadudu waliokwisha kuwala, hivyo ukiona kijibonge cha takataka kinachotembea chenyewe, usikifute.

Vunjajungu na buibui hawahitaji maelezo marefu. Ila ukiona povu gumu la kahawia limeshikamana na kijiti au ukuta wa banda, usilibandue. Ni mayai ya vunjajungu, na humo hutoka watoto wengi kwa mkupuo. Ni kweli kwamba vunjajungu hula pia nyuki na wadudu wengine wema. Kwa bustani ya nyumbani bado namwacha. Dondola nao, wakijenga kwenye mti au banda lililo mbali na mlango na watoto, wasichomwe moto. Wanabeba viwavi kwenye kabichi mchana kutwa kwenda kulisha watoto wao.

Hatua ya 4: Jihadhari na wanaofanana na marafiki

Yupo mbawakawa wa madoa ambaye ni mharibifu, na wakulima wa mnavu, maboga na matango wanateseka naye. Umbo ni lilelile la mviringo, lakini rangi yake ni ya chungwa iliyopauka au ya kahawia, madoa ni mengi, na mgongo haung'ai kwa sababu una vinyweleo vifupi. Mla wadudu mgongo wake ni laini na unang'aa. Mtoto wa mharibifu ni wa njano na amejaa miiba yenye matawi. Wote wawili, mkubwa na mtoto, hukwangua jani mpaka ibaki mishipa na ngozi nyembamba tu. Hilo la kukwangua ndilo ushahidi wa mwisho: mla wadudu haachi jeraha kwenye jani.

Mayai yao pia yanafanana, ya njano na yamesimama wima kwa makundi. Angalia yalipo. Yakiwa karibu na wadudu mafuta, yaache. Yakiwa kwenye jani la mnavu lililokwanguliwa na hakuna mdudu mafuta jirani, yaponde.

Mwingine ni kunguni mdogo mweusi mwenye alama za chungwa na nyeupe, anayepatikana kwenye sukuma wiki, figiri, loshuu na kabichi, hasa miche midogo. Kwa mbali anaonekana mbawakawa mwema. Ukimtazama karibu, umbo lake ni la ngao, na mara nyingi wanatembea wawili wakiwa wamepandana kwa nyuma. Ananyonya mche mpaka unanyauka. Waokote asubuhi wakiwa wamepoa, uwatumbukize kwenye kopo la maji ya sabuni.

Hatua ya 5: Usiwaondoe wadudu mafuta waliovimba

Katikati ya kundi la wadudu mafuta utawaona wengine wamevimba, wamekauka, rangi ya kahawia au ya dhahabu, hawasogei hata ukiwagusa. Hao wamekufa, na ndani ya kila mmoja kuna mtoto wa nyigu mdogo asiyezidi milimita tatu, anayekua. Akikomaa hutoboa tundu la duara mgongoni na kutoka, kisha huenda kutaga ndani ya wadudu mafuta wengine. Bustani yenye magofu haya ya kahawia mengi iko njiani kupona yenyewe, na dawa utakayopiga wiki hiyo itawaua waponyaji.

Kwenye kabichi kuna mfano mwingine. Kiwavi mdogo wa kijani wa nondo wa kabichi ukimgusa hujinyonganyonga na kujidondosha kwa uzi. Anapotaka kubadilika hujifuma ndani ya kifuko chepesi cha wavu, na ndani yake unamwona pupa wa kijani au kahawia. Ukikuta ndani ya wavu huo kuna kifuko kingine kigumu, kisichopitisha macho, chenye umbo la pipa, basi kiwavi alishaliwa na nyigu. Nyigu mmoja wa aina hiyo aliletwa makusudi Afrika Mashariki kutoka Asia na watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, akaachiliwa kwenye maeneo ya kabichi yenye baridi nchini Kenya na Tanzania. Vifuko vidogo vyeupe au vya njano, vya pamba, vilivyorundikana kando ya kiwavi mkubwa anayekufa navyo ni vya nyigu. Mtu akiviona hudhani ni mayai ya kiwavi na kuvikwangua. Kiwavi hatagi mayai. Anayetaga ni kipepeo au nondo.

Hatua ya 6: Fuata msururu wa sisimizi

Sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina la bamia au maharage, juu kuna wadudu mafuta au vidung'ata (wadudu wenye unga mweupe). Sisimizi wanakunywa majimaji matamu yanayotoka kwao, na kwa ajili hiyo wanawafukuza walaji wao. Unaweza kuwa na mbawakawa wema wa kutosha na bado wasifanye kazi kwa sababu ya ulinzi huo. Osha wadudu mafuta kwa maji yenye nguvu, ondoa majani yanayogusa uzio au ukuta, na mwagia majivu kuzunguka shina, ukirudia kila yanapolowa. Hamna haja ya kuangamiza sisimizi wote wa uani. Chini ya ardhi wana kazi nyingine.

Hatua ya 7: Ukishindwa kumtambua, mfungie na chakula

Chukua chupa safi ya plastiki, ikate juu, weka ndani jani lililo bora la mmea uliomkuta juu yake na wadudu mafuta kama 20 hivi. Mtie mdudu wako, funika kwa kitambaa chepesi, weka kivulini. Asubuhi angalia. Jani limeliwa au limekwanguliwa, huyo ni adui. Wadudu mafuta wamepungua na jani ni zima, huyo ni mlinzi. Jaribio hili lina mpaka wake: wadudu wazima wa nzi wa maua na nyigu wengi hunywa nekta tu, hivyo hawataonyesha chochote. Kwa viwavi, funza na mbawakawa linafanya kazi vizuri.

Hatua ya 8: Amua, ukianza na lililo jepesi

Kama makundi mengi ya wadudu mafuta yana mlaji angalau mmoja au magofu ya kahawia, subiri siku tatu au nne kisha hesabu tena mimea ileile. Kama mimea ni michanga na inadumaa, usisubiri. Anza na maji: mwagilia kwa nguvu chini ya majani asubuhi ili yakauke mapema. Maji haya yanasaidia pia dhidi ya utitiri mwekundu, kwa sababu mimea iliyofunikwa na vumbi la barabarani hushambuliwa zaidi na utitiri. Wadudu wanaouwinda utitiri hushindwa kutembea na kuutafuta kwenye vumbi hilo. Wenye bustani kando ya barabara za vumbi waoshe majani mara kwa mara kiangazi chote.

Maji yasipotosha, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji. Jaribu kwenye majani machache, ngoja siku moja uone kama hayaungui, kisha piga jioni ukilenga kundi lenyewe tu. Sabuni inaua inachokigusa kikiwa bado kibichi. Ikishakauka haina madhara kwa mlinzi atakayepita baadaye.

Mmea wa utupa tunao kwenye vihamba (mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba) na kando ya mashamba, na majaribio ya maharage hapa kaskazini mwa Tanzania yameonyesha kwamba maji ya majani yake hupunguza wadudu waharibifu huku yakiwaacha mbawakawa wema na buibui wengi kuliko dawa za viwandani. Loweka gramu 100 za majani makavu yaliyosagwa katika lita moja ya maji usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo. Lakini utupa ni sumu ya samaki. Usioshee chombo kwenye mfongo (mfereji wa maji) wala mto, nawa mikono, na ngoja wiki nzima kabla ya kuchuma mboga ulizopiga.

Kwa viwavi wa kabichi, dawa yenye bakteria wa Bt (Bacillus thuringiensis) huwadhuru viwavi walioila na si mbawakawa wala nyigu. Ukilazimika kununua dawa kali zaidi, uliza inaua nini na kwa muda gani. Dawa za kundi la pairethroidi zinazouzwa kwa bei rahisi huua wanaowinda utitiri, na mara nyingi baada yake utitiri hulipuka. Soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zifuate hata kama mteja yuko mlangoni. Usipige kamwe asubuhi kwenye maboga na matango yaliyochanua, nyuki wako kazini. Piga jioni maua yakishajifunga.

Hatua ya 9: Wape sababu ya kukaa

Nyigu wadogo na nzi wa maua wanahitaji nekta, na kiangazi maua ni machache. Acha giligilani, karoti moja mbili na figiri zichanue badala ya kuzing'oa zinapozeeka. Alizeti chache pembeni zinafaa. Alizeti mwitu ya njano iliyoota kwenye mpaka, ikate isienee, lakini usiifyeke yote kwa mkupuo. Weka sahani ya maji yenye kokoto ili nyuki wasizame. Acha kipande cha majani makavu chini ya migomba kwa ajili ya buibui na mbawakawa weusi wa usiku.

Na ukikutana na mdudu ambaye hata mtihani wa chupa haukumfichua, hasa akiwa mwingi na mgeni machoni pako, mtie kwenye kichupa chenye spiriti kidogo, piga picha ya jani aliloharibu, andika mmea na tarehe. Mpelekee afisa ugani wa kata yako, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI Tengeru, wanaoshughulika na mazao ya bustani, au Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, kule Ngaramtoni. Jani bichi lifunge kwenye karatasi, usilitie kwenye mfuko wa plastiki, maana litaoza kabla hujafika.